Zoezi la Mafundi Cherehani

Ofisini walimwita Kamusi, na hakulichukia jina hilo. Kila barua ya Kiingereza iliyowatoa watu jasho ilipelekwa masijala, ambako yeye aliketi katikati ya makabati ya chuma na feni isiyozunguka. Aliisoma mara moja, akawaambia wanaambiwa nini na wajibu vipi. Kampuni yenyewe ilikuwa ya uwakala wa forodha: inawatolea wateja mizigo yao, inajaza matamko, yaani fomu za kutangaza mizigo, inagombana na maofisa juu ya ushuru. Kazi yote Kiingereza, na mtihani wa leseni nao Kiingereza, msamiati kwanza, kisha ufahamu, halafu sheria. Asiye na leseni hasaini tamko hata kama kalijaza mwenyewe kuanzia juu mpaka chini. Kamusi alikuwa amejaza mengi sana, na wengine wakasaini.

Mtu hajipeleki mwenyewe kwenye mtihani ule. Lazima apelekwe na kampuni, na kampuni yao ilipeleka mtu mmoja tu kila msimu. Siku moja meneja, mama asiyependa maneno mengi, alisimama mlangoni pa masijala akasema, "Safari hii ni wewe. Jiandae." Basi. Kamusi alingoja aondoke, akafunga mlango, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Neno hilo alikuwa analisubiri tangu binti yake wa kwanza hajaota meno, na sasa binti huyo alikuwa anaazima viatu vyake.

Furaha haikumaliza wiki. Mume wake alifanya kazi hapo hapo, chumba cha mbele, kwenye dawati la matamko. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko utataka kumtukana. Hapigi, halewi, mshahara analeta nyumbani. Ila alizaliwa akiamini kwamba kila mlango unaofunguliwa umefunguliwa ili yeye apite, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine, mama yake ndiyo kabisa. Jioni moja alirudi uso umemshuka, akasukuma sahani pembeni, akasema amesikia kwamba wa dawati lake wasio na leseni watarudishwa getini kuandikisha malori.

"Mama Watoto, nipishe," alisema. "Safari hii tu. Nikirudishwa getini nitaiweka wapi sura yangu? Wewe kule masijala hakuna anayekugusa. Msimu ujao ni wako, haki ya Mungu."

"Na meneja?"

"Nenda umwambie wewe mwenyewe. Nikienda mimi ataona nakunyang'anya."

Hapo ndipo Kamusi alipotakiwa kushtuka. Lakini alimpenda mume wake, na alimwona kwa macho ya moyo amesimama juani na ubao wa kuandikia mkononi, madereva wanamwita "wewe". Roho ikamuuma. Kesho yake akaenda kwa meneja. Meneja alimtazama kitambo, akasema, "Umeamua wewe," akarudi kwenye simu yake.

Kumbe kumpisha hakukutosha, ilibidi pia amfundishe. Nyumba ikageuka darasa. Maneno ya Kiingereza yalibandikwa kwenye kioo cha bafuni, kwenye mlango wa friji, juu ya swichi ya taa, na bwana mkubwa akawa anapiga mswaki huku anasoma ukuta. Yapo aliyoyashika upesi. Yapo yaliyomshinda kabisa, hasa neno la kuahirisha na neno la kufuta, ambayo aliyachanganya kila siku iendayo kwa Mungu.

"Kikao kikiahirishwa, kitafanyika siku nyingine," Kamusi alimwambia. "Kikifutwa, ndiyo basi tena."

"Si kote kote hamkutani?"

"Siyo sawa, Baba Watoto. Mwenye kusubiri anajua tofauti yake."

Kwenye ufahamu ndiko kulikuwa na kazi. Mume alitoka shule na mtindo ambao wengi wetu tulitoka nao: hasomi habari, anawinda. Anaanza na swali, anachukua neno lililo nene zaidi, anapanda nalo kwenye habari kwa kidole, na akilikuta ananakili sentensi nzima, mkia na kichwa. Mara nyingi anapata. Kamusi alimsihi asome kwanza kuanzia mwanzo, aelewe nani kafanya nini.

"Nielewe ili iweje?" mume alisema, na alishangaa kweli. "Wao wanataka majibu."

Karatasi za mitihani ya nyuma zikaisha. Alizirudia mpaka akazikariri, na siku aliyojibu habari ya treni kwa majibu ya nyuki Kamusi akaona hapa hatufiki. Akaanza kutunga mazoezi mwenyewe, masijala, wakati wa chakula cha mchana. Habari azitoe wapi? Alizitoa kwake. Akaandika kwa Kiingereza safi habari ya mwanaume anayevua soksi na kuziacha chini ya meza ya chakula, na mke anayeziokota kila asubuhi. Swali la pili: soksi ziliachwa wapi? Mume alipandisha kidole, akaikuta meza, akanakili. Soksi zake mwenyewe zilikuwa chini ya meza hiyo hiyo, moja imelala juu ya mguu wa mke wake. Kamusi alicheka mpaka akashika mbavu. Mume akauliza kama amekosea.

"Hujakosea," alisema. "Umepata."

Basi ikawa starehe yake ya siri. Yale ambayo mke hamwambii mumewe usoni, yeye aliyatungia maswali. Aliandika juu ya mwanaume anayelalamika chai imepoa ilhali kaiacha mwenyewe. Aliandika juu ya mwanaume anayesifiwa na ndugu zake kwa barua alizoandikiwa na mke. Mume alijibu yote, alama zikapanda, na kila alama ilipopanda kicheko cha Kamusi kilipungua. Mzaha wa kuchekwa na mtu mmoja huchosha haraka.

Jumapili moja alimsikia mume anaongea na kaka yake kwenye simu, sebuleni, miguu juu ya stuli. "Najisomea mwenyewe, kaka. Si unanijua? Kichwa bado kipo." Kamusi alikuwa jikoni na karatasi zake chini ya kwapa, anataka kwenda kumwita wafanye msamiati. Hasira ilimpanda. Hakumwita. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akaandika zoezi jingine, na safari hii hakuficha kitu, alibadilisha kazi tu. Walikuwa mafundi cherehani, mke na mume, kwenye karakana moja. Mke alichaguliwa kwenda kufanya mtihani wa cheti. Mume akamwomba ampishe, akaapa kwamba msimu ujao zamu itakuwa ya mke. Mke akampisha, kisha akawa anamfundisha kila jioni, na mume akawaambia watu anajisomea mwenyewe. Maswali yalikuwa manne: mke alitoa nini, mume aliahidi nini, nani alimfundisha mume, na la mwisho, je, unadhani ahadi ilitimizwa? Toa sababu.

Alimpa jioni, akaketi mbele yake, akamkazia macho. Nataka ujue kwamba alitaka akamatwe. Alitaka mume ainue uso na kusema, huyu mke si wewe? Hawa si sisi? Wagombane, aombwe radhi, yaishe. Mume akapandisha kidole. Mke alitoa nafasi yake. Mume aliahidi kwamba msimu ujao zamu itakuwa ya mke. Mume alifundishwa na mke wake. La mwisho halikuwa na sentensi ya kunakili, akafikiri kidogo, akang'ata kalamu, akaandika: ndiyo, ilitimizwa, kwa sababu mume anaonekana ni mtu mwaminifu.

Kamusi akamwekea alama ya vema kwenye yote.

Mume alifaulu. Alifaulu vizuri, na ufahamu ndio uliombeba. Meneja akampa ukuu wa dawati, na nyumbani wakaalikwa ndugu na wenzake wa ofisini. Bwana mkubwa alisimama na glasi ya soda, akamshukuru meneja kwa kumwamini, akamshukuru kaka yake kwa kumtia moyo, akajishukuru mwenyewe kwa mafumbo. Mwishoni akageuka, akasema, "Na Mama Watoto naye, kwa chakula hiki." Watu wakapiga makofi. Kamusi alikuwa ameshika sinia, akashindwa hata kuinama kupokea makofi.

Hata hivyo alijipa moyo. Maneno ni maneno, zamu ni zamu. Msimu mpya ulipofika, meneja alitaka jina, na kwa kuwa dawati sasa lina mkuu, jina angelitoa mkuu. Kamusi aliposikia hivyo alishusha pumzi: mkuu si mume wake? Siku hiyo aliondoa mwenyewe vikaratasi vya kwenye kioo, avibandike upya kwa mpangilio wake.

Mume aliingia, akavua soksi, akasema, "Nimempeleka Kalamu Mbili."

Kalamu Mbili alikuwa mtu wa dawatini, mcheshi, anayetembea na kalamu mbili mfukoni kwa sababu moja, alisema, ni ya kuazimwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuchechemea.

"Zamu ilikuwa yangu," Kamusi alisema.

"Najua. Lakini tazama na wewe: ndiyo kwanza nimekuwa mkuu, nianze na mke wangu? Watu watasema nini? Nalinda jina letu sote."

"Uliapa."

"Sijakataa. Imeahirishwa tu, Mama Watoto." Na neno lenyewe alilisema kwa Kiingereza, bila kukosea, jinsi alivyofundishwa. Halafu, mkono tayari kwenye rimoti, "Tena nilimwambia Jumamosi aje hapa. Umsaidie. Wewe una kipaji cha kufundisha, kila mtu anajua."

Kumbe walikuwa wanajua. Kamusi alikwenda bafuni akafungua bomba ili watoto wasimsikie, akalia kwa kwikwi mbele ya kioo kisicho na maneno.

Ungemwambia akatae, na mimi pia. Lakini Jumamosi mtu alikuja saa za mchana na mfuko wa machungwa, amevaa shati la pasi, anasema "Shemeji, nisamehe, mimi kichwa changu ni cha zege," na Kamusi hakuweza kumfukuza mtu ambaye hakumkosea. Alimkalisha mezani. Mume alikuwa kwenye kochi lake anaangalia mpira. Kamusi akaingiza mkono kwenye bahasha ya mazoezi ya zamani akatoa moja, na sijui kama alilichagua au mkono wenyewe ulijua njia.

Kalamu Mbili hakuwa na mtindo wa kuwinda. Alikuwa mwoga, anaogopa kupitwa, kwa hiyo alianza na neno la kwanza na kutambaa nalo. Aliuliza maana ya karakana. Aliuliza maana ya kuapa. Alifika katikati akaacha kuuliza. Alirudi juu, akasoma tena, midomo inacheza. Kisha akaiweka karatasi mezani taratibu, akatazama kochi, akamtazama Kamusi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu fundi wa kike ni wewe?"

Kamusi aliitikia kwa kichwa.

"Mimi sikujua. Haki ya Mungu sikuambiwa kwamba nafasi ilikuwa ya mtu."

"Kuna nini huko?" mume aliita. Mpira ulikuwa umefika mapumziko. Akanyanyuka, akajinyoosha, akaja mezani, akaichukua karatasi. Kamusi alijichukia kwamba baada ya yote bado alikuwa anangoja. Aliyatazama macho ya mumewe. Yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye maswali. Kidole kikapanda juu kikashuka, na uso wa mume ukang'aa.

"Ah, hili nalikumbuka! Hili nilipata zote." Akamrudishia Kalamu Mbili, akampiga begani. "Usiogope, ndugu yangu. Majibu yote yamo humo humo."

Akarudi kwenye kochi.

Kalamu Mbili alitoa kalamu zake zote mbili mfukoni, akaziangalia, akachagua moja. "Nijibu, shemeji?"

"Jibu," Kamusi alisema. "Anza na swali la mwisho."

Kalamu Mbili akainama akaandika neno moja, la kukataa. Sababu ikamshinda. Alikuwa nayo, ilionekana usoni kwamba anayo, ila Kiingereza chake hakikuifikia, akabaki kalamu hewani, anamtazama Kamusi amsaidie neno. Kamusi aliyajua maneno yote. Alikunja mikono kifuani, hakumpa hata moja, na kwenye runinga kipindi cha pili kikaanza.