Sufuria ya Pili

Agathe alipofungua mlango wa ofisi ya usalama, karatasi saba za maneno ya nyimbo zikiwa zimelowa jasho mkononi, mtu wa kwanza kumwona hakuwa komanda. Alikuwa Papa Jean-Baptiste, ameketi kwenye kona nyuma ya mashine ya kuchapa. Komanda alikuwa mtu wa kuogopwa, hilo halina ubishi. Bukavu nzima ilimwogopa kabla hajamaliza wiki tatu mjini. Lakini Papa Jean-Baptiste alikuwa jirani yake wa Kadutu, nyumba ya chini ya kwao, ngazi kumi na mbili za udongo, na tangu mazishi ya mtoto wa mzee huyo, Agathe alikuwa hajamtazama machoni. Alijua mzee ni karani huku mjini. Hakufikiri kwamba angemkuta ndani ya chumba hiki.

Serikali zilikuwa zimekuja na kuondoka, waasi nao wakaja na askari wao wa kigeni, na kila aliyeingia alikuta mashine ya kuchapa mezani na mtu mmoja tu anayejua kuitumia. Ndivyo Papa Jean-Baptiste alivyobaki.

"Ikala," akasema komanda, akimwonyesha kiti. Agathe akaketi.

Alikuja kumtoa Zagabe. Zagabe, mpiga gitaa wao, alikamatwa Jumanne, na leo ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni lori lilipakia waliomo mahabusu na kuwapeleka kambini, nje ya mji, na waliopanda lori hilo tangu mwaka 2001 uanze walikuwa bado hawajarudi hata mmoja. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Saa moja na nusu ilibaki kumridhisha mtu huyu kwamba kaseti yao haina kosa, na kaseti yao ilikuwa na kosa.

Kundi lao liliitwa Les Riverains. Kaseti ya kwanza ilikuwa sukari tupu: mapenzi, maua ya mtaa wa Nguba, ziwa limetulia, moyo wangu usiulize. Hakuna harusi iliyofungwa mjini bila kuipiga, na hata askari waliiweka kwenye jeep zao. Kaseti ya pili ilikuwa msumari. Zagabe alichukua spika ya redio ya zamani, akaichana kwa wembe, akapitisha gitaa humo hadi likawa linanguruma kama mtu anayegombana na jirani. Bienfait aliacha kubembeleza ngoma, akazipiga kweli, na penye ngoma hazikutosha akapiga mabati na masufuria. Watu walinung'unika. Wamama wa parokia walimsimamisha Agathe njiani: mwanangu, mulikuwa munaimba muzuri, sasa munagombana na nani? Zagabe alicheka tu. Kwake yeye walikuwa wamekua. Hakujua kwamba aliyeomba muziki uwe mgumu, Agathe, hakuomba kwa sababu ya kukua. Ni kwamba nyimbo tamu zilikuwa zimekataa kumtoka mdomoni.

"Miye nilipenda ile ya kwanza," komanda alisema. Alikuwa mtu wa mbali, wa kule magharibi, na Kiswahili alikuwa amekiokota njiani. "Bibi yangu anaiimbaka. Hii ya pili, juu ya nini mumeharibu muziki?"

"Tulitafuta son ingine, sauti ya mupya, chef. Vijana banapenda rock."

"Mardi, ile Jumanne, redio ilipiga hii kaseti saa sita. Batu ya soko ya Kadutu balisikia, balifunga bintu, balikimbia. Balikimbia nini?"

"Sijui, chef."

Akazichukua zile karatasi saba, akazipitia moja moja kwa kalamu, bila haraka, kama mwalimu anayetafuta kosa ambalo ameshaambiwa lipo. Aliyepeleka habari hakuwa mtu wa Kadutu. Alikuwa ameona watu wanakimbia, basi, akaandika kwamba kaseti inachochea. Inachochea nini, hakujua.

"Maneno iko safi," komanda akasema mwishowe. "Wimbo ya mvua. Wimbo ya mutu anangojea barua. Basi ubaya iko mu makelele." Akageukia kona. "Papa, weye ni mutu wa hapa. Utasikiliza pamoja na miye. Kama iko kintu, utaniambia."

"Ndiyo, chef," akasema Papa Jean-Baptiste.

Komanda akaingiza kaseti kwenye redio, akabonyeza. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, gitaa likinguruma hadi vioo vya dirisha vikatetemeka, na komanda akakunja uso kama aliyeuma pilipili. Wa tatu ndio uliokuwa na kosa.

Lazima ijulikane jambo moja kuhusu Kadutu. Huko hakuna polisi wa kuita. Labda yupo, lakini hajawahi kufika. Kuna masufuria. Watu wenye silaha wakivunja mlango, nyumba hiyo inapiga sufuria. Ila sufuria moja si kitu. Sufuria moja ni mtoto anacheza, ni mama anabandua ukoko. Watu husimamisha tonge na kungoja. Ni ya pili, ile ya jirani aliye karibu kiasi cha kujua, ndiyo inayosema kweli wezi wameingia. Baada ya ya pili inakuja ya tatu, ya kumi, na mlima wote unalia mpaka sokoni, na wezi wanakimbia hata wakiwa na bunduki, maana risasi za kutosha mlima mzima hawana. Wakubwa hawakupenda desturi hiyo. Wengi wa wezi hao walivaa sare, na komanda aliyepita alikuwa ametangaza kwamba apigaye sufuria anachochea raia dhidi ya jeshi. Huyu mpya alikuwa hajaisikia bado.

Mwezi wa tatu, saa moja ya jioni, watu wakila, waliingia kwa Papa Jean-Baptiste. Walimlaza mzee kifudifudi sebuleni, mtutu shingoni. Mtoto wake Sagesse, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa jikoni nyuma. Akashika sufuria na mwiko, akapiga. Agathe, nyumba ya juu, alisikia tangu pigo la kwanza na akajua. Alishusha sufuria yao ukutani. Alishika kijiko. Alisimama dirishani, mkono umeinuka, na hakupiga. Aliwaza: watajua ni nyumba gani imejibu. Aliwaza: acha mwingine aanze. Hakukuwa na mwingine. Wa kuanza alikuwa yeye. Mlima wote ulimngoja, na Sagesse akapiga peke yake, akapiga, mpaka risasi moja ikamnyamazisha. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio kilienda kweli. Hicho kicheko, Agathe hakuwahi kukisikia kwao hata siku moja.

Walipofika kurekodi wimbo wa tatu, Agathe alimwambia Bienfait aanze na sufuria moja, peke yake, kwa muda mrefu. Sufuria ya pili alishika mwenyewe, na hakukubali mtu mwingine aiguse. Zagabe alipiga makofi, akasema hiyo ni intro ya kufa mtu. Halafu akaandika jina lake kwenye jalada kama kiongozi wa kundi, na jina hilo ndilo walilomkamatia. Alikuwa amelala siku nne kwenye simenti kwa dhambi ambayo haikuwa yake, wala hakuijua.

"Yoka," komanda akasema, akiongeza sauti. Sikiliza.

Mkanda ukakwaruza. Kisha ikaja. Ko. Ko. Ko. Sufuria moja, mbali kidogo, kama iko nyumba ya chini.

Papa Jean-Baptiste alikuwa akipanga karatasi. Mikono yake ikasimama. Hakumtazama Agathe. Alitazama dirisha, na Agathe akajua kwamba ameelewa. Sufuria iliendelea peke yake. Katika chumba kile ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Halafu ya pili ikaingia, ya tatu, na zote zikamwagika pamoja, na gitaa la Zagabe likapasuka juu yake.

Komanda akabonyeza kitufe. Gitaa likakatika.

"Hii ni nini?"

Agathe akamtazama mzee. Mzee alihitaji neno moja tu. Alarme, ishara ya hatari. Aliseme, basi, na saa kumi na moja wangepanda lori wawili, yeye na Zagabe. Na kwa nini asiseme? Hakuwa na deni kwao. Mungu alikuwa amemwekea mezani yule aliyemwacha mtoto wake apige peke yake, na hata Agathe mwenyewe asingeweza kumlaumu.

"Papa. Nimeuliza."

"Ni harusi, chef," akasema Papa Jean-Baptiste.

"Harusi?"

"Kwetu huku, bibi-arusi akifika, mama mukwe anapiga sufuria ku mulango. Kiisha majirani banajibu."

"Na batu ya soko balikimbia nini?"

"Mvua ilikuwa inakuya, chef. Muuzaji wa bunga hangojaka matone."

Komanda akafikiri. Akarudisha mkanda, akaupiga tena, na safari hii akawa anafuata kwa kalamu juu ya meza. Ko, ko, ko. Akaanza kutabasamu.

"Weye balishapiga hii kwa harusi ya mutoto yako?"

"Hapana, chef. Hakufikia kuoa."

"Atafikia. Vijana ya sasa banachelewaka."

"Ndiyo, chef," akasema Papa Jean-Baptiste.

Agathe alikishika kiti kwa mikono miwili. Alitaka kulia na hakuthubutu, maana hakuna anayelia kwa sababu ya harusi.

"Basi. Bamuachilie ule muvulana," komanda akasema, akimrudishia karatasi zake. "Lakini kaseti ya tatu murudie kama ile ya kwanza. Hii inaniumiza kichwa. Papa, andika."

Saa ya ukutani ilisema kumi na nusu. Mzee akaweka karatasi kwenye mashine na kuanza. Nje, uani, injini ya lori ikawashwa. Papa Jean-Baptiste akakosea herufi, akachomoa karatasi, akaikunja, akaweka nyingine. Akaandika mistari miwili, akakosea tena. Mtu aliyechapa barua za serikali nne. Agathe alisikia mbao za lori zikifunguliwa, sauti ya mtu anahesabu majina, na akawaza kwamba mzee hakuwa amesamehe kitu: alikuwa ameamua tu kuchelewa. Kisha akaona vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka hivi kwamba havikuweza kupata herufi.

Karatasi ya tatu ilitoka safi. Komanda akatia sahihi bila kuisoma, na mzee akasimama, akachukua ufunguo, akamwambia Agathe amfuate.

Walitembea kwenye korido ndefu inayonuka dawa ya kudeki. Mbele, mwisho kabisa, askari mmoja aliketi karibu na mlango wa chuma, mbali ya kutosha asisikie. Papa Jean-Baptiste alisimama katikati.

"Ile sufuria ya pili," akasema, bila kugeuka. "Ni nani alipiga?"

Angeweza kumtaja Bienfait. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Ni miye, papa."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei anayoijua.

"Sagesse alipiga vingt-deux. Nilikuwa chini, uso ku simenti, nilihesabu. Kila moja nilisema, sasa banajibu." Akahamishia ufunguo mkono wa pili. "Kwa kaseti yenu iko paka quatorze, kumi na ine tu. Juu ya nini muliikata?"

Agathe alijua ni ishirini na mbili. Alikuwa amehesabu pia, pale dirishani, na alikuwa amemwambia Bienfait apige ishirini na mbili kamili.

"Hatukuikata, papa. Niliingia mbele ya wakati. Sikuweza kungoja."

Hapo ndipo mzee alipogeuka, akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kubeba kitu peke yake na sasa ameona mwenye kukishika upande wa pili.

"Mama yake anasemaka hakuna mutu alisikia," akasema. "Kila siku anasema vile: upepo ulikuwa mubaya, hakuna mutu alisikia. Kesho kiisha misa utakuya kwetu. Utamuambia."

"Papa, umuambie weye. Nakuomba."

"Miye nimeshasema yangu leo," akasema Papa Jean-Baptiste, akampa askari karatasi.

Mlango wa chuma ukafunguliwa. Zagabe akatoka akikunja macho kwa mwanga, ndevu zimemwota, mguu mmoja hauna kiatu. Alipomwona Agathe akacheka, akamshika mabega, akauliza walisema nini juu ya muziki.

"Balisema inaumiza kichwa," Agathe akamjibu.

Zagabe alifurahi sana kusikia hivyo. Alizungumza njia yote, kuanzia getini mpaka kwenye mwinuko wa Kadutu: wimbo umepita, sasa hakuna wa kuwagusa, kaseti ya tatu itakuwa ngumu zaidi. Agathe alimwacha aseme. Walifika kwenye ngazi za udongo bado kuna mwanga. Mlango wa Papa Jean-Baptiste ulikuwa wazi, na Mama Eulalie, mama yake Sagesse, alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage. Akainua mkono kuwasalimu, kama alivyofanya kila siku tangu mazishi, akamwuliza Agathe kama ameshinda vizuri. Agathe akajibu kwamba ameshinda vizuri, akapanda ngazi zake kumi na mbili, na alipofika juu akaketi chini, akaanza kutafuta maneno ya kesho baada ya misa.