Ndoa ya Rukia na Pweza wa Kupaka

Mwaka 1988, ofisi ya uchapaji alikofanya kazi Zeina, hapo Malindi, ilinunua kompyuta mpya, na Nahashon, fundi kutoka Mombasa, akaja kuiwekea mfumo mpya. Zeina alikuwa na programu yake ya zamani ya kuandikia barua, aliyoizoea kama kanga ya kushindia nyumbani. Hakutaka kuachana nayo.

"Hiyo programu yako haina adabu," Nahashon alimwambia. "Imezoea kugusa kila kitu kwenye mashine bila kupiga hodi. Mfumo mpya una ulinzi, kila programu inakaa mahali pake. Yako nimeitengea chumba. Lakini ukiiacha ukafungua kazi nyingine, itasimama papo hapo ilipofika mpaka urudi."

Zeina akaitikia, huku akiitafuta ndara yake kwa mguu chini ya meza.

Jumatatu alikuwa akichapa stensili ya kadi za harusi ya Rukia, bintiye Bi Mwanamina wa Mambrui. Printa ilikuwa katikati ya kazi alipoingia Dzombo, mpishi wa hoteli, akitaka menyu yake upesi. Zeina akaiacha programu ya zamani, akafungua mpya, akaandika menyu na kuamuru ichapwe. Alidhani itangoja zamu. Kisha akarudi kwenye kadi, printa ikalia mpaka mwisho. Menyu haikuonekana, basi akamwandikia Dzombo nyingine kwa taipureta, kisha akaitia stensili kwenye mashine ya kurudufu na kuzungusha kadi mia mbili pasi na kusoma hata moja.

Jumatano Bi Mwanamina aliingia na kadi mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nisomee hii, mwanangu. Huenda miwani yangu ina kasoro."

Zeina akasoma kwamba wanaalikwa kwenye ndoa ya Rukia na pweza wa kupaka, kachumbari, wali wa nazi, Taib bin Muhdhar, itakayofungwa Ijumaa baada ya Alasiri.

"Mamake Taib amenuna," alisema Bi Mwanamina. "Asema mwanawe hatajwi nyuma ya kachumbari."

"Nitachapa nyingine leo hii, Bi."

"Chapa. Ila pweza mwache, mweke chini kabisa. Mtaa mzima umeniuliza kama atakuwepo, nami nimeshasema yupo."

Alipoondoka, Zeina alimpigia simu Nahashon, akamweleza jinsi menyu ilivyochapwa katikati ya kadi programu ya zamani iliposimama, akamwomba airudishe mashine ilivyokuwa.

"Hayo ndiyo mashaka yake," Nahashon alisema. "Prosesa ya aina hii, yaani ubongo wa mashine, ikishaingia kwenye ulinzi haijui njia ya kutoka. Ili iendeshe programu yako, mfumo huizimisha ghafla, ndipo inazinduka katika hali ya zamani."

"Kila ninapobadilisha?"

"Kila unapobadilisha."

Zeina akaitazama mashine kwa huruma, kama mtu aliyegundua kuwa amekuwa akimtuma mgonjwa dukani. Siku ile akachapa kadi mpya bila kufungua kitu kingine chochote, na mwalimu mmoja alipokuja na barua yake ya haraka, akamwekea kiti na kumwomba angoje.