Wajukuu Waliofutwa kwa Pamba

Fundi alikuwa ameshona mashati miaka arobaini bila lawama, mpaka alipomkabidhi mwalimu mkuu shati lenye mikono miwili ya kushoto. Mwalimu mkuu ni mstaarabu, alilivaa hivyo hivyo kazini, lakini kabla ya saa nne habari ilishamfikia binti wa Fundi. Na binti huyo hana mchezo. Alimtafutia baba yake nafasi ya kupimwa damu, kile kipimo kinachosaka protini zinazoashiria mapema ugonjwa wa kusahau, kabla mtu hajaanza kupotea akienda chooni kwake.

Fundi alisikia neno "kupimwa" tu, mengine akajijazia mwenyewe. Kupimwa ni mtihani, na mtihani una maswali. Hakuogopa kufa, huo ndio ukweli. Aliogopa kuamka asubuhi moja na kumuuliza mkewe, "Samahani mama, wewe ni nani?" Basi siku ilipofika alijifungia chumbani na kalamu ya wino, akafanya kile alichokifanya darasa la sita. Alijaza majibu mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko. Tarehe. Miezi kinyumenyume. Wajukuu: Kibonge, Domo, Bi Mdogo, na yule mwingine.

Mkewe alimsindikiza hospitalini akiwa amevaa sweta, na jua lote lile. Fundi hakumuuliza, ya kwake yalimtosha.

"Shikamoo babu," alisema muuguzi. "Kunja shati tutoe damu."

Fundi akatoa mkono wa kulia. Muuguzi akabonyeza huku na huku, mshipa haukuonekana.

"Lete wa kushoto."

"Huo haufai, mwanangu. Ni wa kushonea tu."

Kabla hajauficha, shati lilishakunjwa. Muuguzi akasoma, akang'ata mdomo asicheke, akachovya pamba kwenye spiriti na kupangusa. Desemba mpaka Julai zikaenda na maji, Kibonge akafuata.

"Wewe binti, unanifutia wajukuu!" Fundi akapiga ukelele.

Mkewe, kwenye kiti cha pembeni, alicheka hadi akashika mbavu.

"Babu, hapa hakuna maswali," alisema muuguzi. "Damu yenyewe ndiyo itakayojibu, na daktari ataiangalia pamoja na vipimo vingine."

Sindano ikaingia, kichupa kikajaa. Fundi aliutazama mkono wake uliofutwa.

"Mke wangu," akasema, wala hakujali kuwa kuna mtu baki, "mimi naogopa nitakusahau wewe."

Mkewe akaacha kucheka. Akainuka, akamvuta mumewe kutoka kitini, akakaa yeye.

"Na mimi nipime."

"Bibi, jina lako halimo kwenye orodha."

"Liandike basi, kalamu unayo."

Akapandisha mkono wa sweta. Wino mtupu! Dawa ya presha saa mbili. Zima jiko. Funguo ziko kwenye kopo la chumvi. Na juu kabisa, pale pale panapochomwa sindano, kwa herufi kubwa: HUYU MZEE NI WAKO. USIMFUKUZE.

Fundi alisoma mara mbili, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Muuguzi alikuwa ameshachovya pamba nyingine. Akaitazama ile pamba, akautazama ule mkono.

"Bibi," akasema, "hebu nipe huo mwingine."