Siku ya Kumpongeza Madame Delphine

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na Madame Delphine alianza somo la hesabu kwa kuhamisha madawati. Paa lilikuwa limetoboka, hivyo darasa la sita lilikuwa na upande mkavu na upande wa maji, na wanafunzi walijua wenyewe pa kujibana. Wasichana walibanana kwenye madawati, wavulana wakachuchumaa chini ya ubao, madaftari juu ya magoti. Chaki zilikwisha tangu Pasaka. Mwalimu aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, ambacho huacha alama ya kijivu ubaoni ukikikandamiza sana, na bega lake la kulia lilikuwa limezoea kuuma.

"Merdi, toa ile kwa kinywa," alisema bila kugeuka.

Merdi, aliyekabidhiwa bakuli la mihogo ya kuandikia, alikuwa akitafuna kipande kimoja. Darasa likacheka. Madame Delphine hakumgombeza. Alijua kwao Merdi hupika mara moja kwa siku, jioni, tena si kila jioni. Alimwachia kile alichokwisha kukitia mate, akachukua kingine, akaendelea na sehemu zake: nusu, robo, theluthi.

Directeur Dominique, mkuu wa shule, akatokea mlangoni, suruali imekunjwa hadi magotini kwa sababu ya matope.

"Madame, acha kwanza hesabu. Niko na habari ya muzuri. Bamekuchagua! Mwalimu wa kwanza ya Kabondo muzima. Sikukuu ya walimu, mwisho wa mwezi, batakupongeza hapa hapa kwa shule yetu, mbele ya bantu yote."

Wanafunzi walipiga makofi kabla hawajaelewa.

"Nani ananichagua?"

"Chef mwenyewe. Papa Hubert."

Papa Hubert alikuwa mkuu wa ofisi ya elimu iliyosimamia shule za Kabondo, upande ule wa Kisangani. Sahihi yake ilitosha kumpeleka mwalimu porini Yahuma, na bila sahihi yake hiyohiyo mwalimu huyo harudi tena mjini. Watu waliomba kwa Mungu asubuhi, kisha wakaenda kuomba kwa Papa Hubert.

"Na mabati, Directeur?"

"Mabati gani tena? Mutu anakuletea furaha, weye unamuletea mabati!"

Lakini Madame Delphine alifurahi, tusidanganyane. Alikuwa amefundisha tangu alipokuja kutoka Kindu akiwa msichana, akafundisha mwaka ule mabomu yalipoanguka mjini, akafundisha akiwa mjamzito na akiwa mjane. Wazazi walimletea kuku mara mojamoja, au mkungu wa makemba, ndizi za kupika. Serikali haikuwahi kumwambia neno. Sasa akageukia ubao ili watoto wasione uso wake. Na papo hapo akapata wazo: siku hiyo atapewa kipaza sauti. Atawaomba mabati mbele ya umati, na nani atamkatalia mwalimu anayepongezwa?

Sherehe ikaanza kula masomo. Watoto wa darasa la sita, waliopaswa kujiandaa kwa mtihani wa taifa mwezi wa Juni, walikata majani uwanjani, wakabeba viti kutoka parokiani, wakafanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha Chef. Benie naye alifika kusaidia. Alikuwa mtoto wa dada yake Papa Hubert, msichana mpole, mwenye kucha ndefu, aliyefanyia stage yake, mazoezi ya ualimu, katika darasa hilohilo mwaka uliopita. Madame Delphine ndiye aliyemfundisha namna ya kusimama, namna ya kungoja kelele ziishe badala ya kupiga kelele zaidi. Mwisho wa stage akampa alama nzuri kuliko alizostahili, kwa huruma.

Directeur Dominique aliomba kusoma hotuba ya Madame Delphine kabla ya siku yenyewe.

"Hapa kwa mabati, tunatosha," alisema, akiyafuta maneno hayo kwa mstari.

"Njo jambo pekee niko nataka kusema."

"Chef hapendi bamuombe vitu mbele ya bantu. Utasema merci, aksanti. Nyuma utasema merci tena. Njo unaikaa."

Rachidi, mwalimu wa darasa la tano, alimsubiri nje, chini ya ukingo wa paa.

"Madame, mwaka jana balipongeza Papa Zacharie. Leo iko wapi?"

Hakuna aliyehitaji kujibiwa. Papa Zacharie alikuwa kwenye njia panda, na pampu, akijaza upepo matairi ya toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mjini kote. Walimpongeza, wakamwambia apumzike, na mwezi uliofuata jina lake halikuwemo tena kati ya wanaolipwa. Pensheni yake iko njiani mpaka leo. Jioni, akirudi nyumbani, Madame Delphine alisimama kumsalimu.

"Bamenichagua na miye, Papa."

"Nimesikia." Mzee aliinama juu ya gurudumu. "Ukisikia banasema remise na reprise, ujue imeisha."

Remise na reprise ni desturi inayopendwa sana katika ofisi za nchi hiyo: anayeondoka na anayeingia husimama mbele ya mashahidi, mmoja anakabidhi, mwingine anapokea, watu wanapiga makofi. Hufanyiwa mawaziri na wakurugenzi, si walimu. Madame Delphine alicheka.

"Papa Zacharie, examen iko mu juin! Hata banichukie namna gani, hawawezi kuondosha mwalimu ya sixième mbele ya examen. Batoto batafanya je?"

"Ni sawa, Mama," alisema Papa Zacharie, akaendelea kupiga pampu.

Siku ya sherehe kila mwalimu alivaa kitenge cha sare alichojinunulia mwenyewe, na mpongezwa naye hakusamehewa. Kwaya ya watoto ilipangwa uwanjani asubuhi. Papa Hubert alifika jua likiwa limepita utosini, msichana mmoja wa kwaya amekwisha kuzirai na kulazwa chini ya ukuta wa choo, mahali pekee penye kivuli. Wimbo ukaimbwa hata hivyo, na uliimbwa vizuri, maana waliujua kuliko sehemu za hesabu.

Madame Delphine aliitwa mbele. Wakampa cheti, thermos na kiti cha plastiki chenye mikono, wakamkalisha juu yake. Wazazi walipiga vigelegele kwa moyo wote. Wengi wao walijifunza kusoma kwake.

"Muangalie hii mikono," alisema Papa Hubert kwenye kipaza sauti, akiinua mkono wa mwalimu kuwaonyesha watu. "Mikono ya mama amechoka. Bon. Inchi yetu haiko na roho mubaya. Inchi inamuambia leo: Mama, pumuzika!"

Makofi. Kisha mwongoza sherehe, kijana wa ofisini mwenye tai, akatangaza kwamba sasa itafuata remise na reprise.

Meza ndogo ililetwa. Juu yake palikuwa na rula ya mbao, kifutio cha ubao, na, juu ya mto mwekundu wa kanisani, ufunguo wa darasa la sita, darasa ambalo mlango wake ulikwisha kung'oka bawaba zamani. Benie alitoka katikati ya walimu akiwa amevaa kitenge kilekile, kucha zimekatwa.

Madame Delphine aliweka thermos chini. Alisimama.

"Chef, nisamehe. Examen iko karibu. Hii batoto hawajamaliza programme, na mutu ya mupya hawezi..."

Papa Hubert alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Aliendelea kutabasamu, kwa kuwa mpiga picha alikuwa amepiga goti mbele yao.

"Mama," alisema polepole, "dossier ya pensheni yako iko kwa meza yangu. Unataka ibakie pale?"

Kisha akaondoa kiganja. "Mama anasema furaha imemuzidi!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake walikuja mbio na makopo ya poda ya watoto wachanga, wakammwagia kichwani, usoni, mabegani, kama anavyomwagiwa mtu aliyefaulu mtihani. Alikohoa. Machozi yalimtoka, yakachora mistari kwenye poda, na watu walipoyaona wakazidi kushangilia. Mtu alimtia ufunguo mkononi. Mtu mwingine alimshika kiwiko kukiongoza. Benie alipokea kwa mikono miwili, macho chini, akanong'ona, "Pardon, Madame." Hotuba ya merci hakuna aliyeikumbuka.

Baada ya siku chache Directeur Dominique alimfuata nyumbani. Alimkuta akitwanga pondu, majani ya muhogo, uani.

"Batoto hawasikie Benie," alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Wewe unajua namna yao. Kuya utusaidie. Mpaka examen tu."

"Na mushahara?"

"Mushahara iko na jina ya Benie sasa. Alakini Chef ataona roho yako. Na dossier ile..."

"Hapana, Directeur."

"Madame."

"Nimesema hapana. Bamenipatia kiti, niko napumuzika."

Alisema hivyo, na alijisikia vizuri mpaka jioni. Jioni walikuja Merdi na Chimène, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani, wakamwonyesha hesabu walizofanya. Theluthi na robo zilikuwa zimejumlishwa ovyoovyo, na chini ya kila kosa Benie ameandika kwa kalamu nyekundu: *Très bien*, vizuri sana. Madame Delphine alizipitia moja moja. Alihisi hasira safi, hasira ya kazi, ambayo Papa Hubert na maneno yake yote hakuwahi kuiamsha. Chimène alikuwa na akili ya kufika mbali. Alikuwa akijivunia ile *Très bien*.

"Ikaa chini," aliwaambia. "Yote ni mubaya. Tunaanza."

Kesho yake alirudi shuleni, kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo Directeur Dominique alivyopenda kueleza baadaye.

Akawa anafundisha kama zamani. Benie alikaa mezani, kando ya mlango, na simu. Wakati mwingine alisikiliza, na kuna siku alinakili somo lote. Walimu walipokwenda kulipwa mwisho wa mwezi, Madame Delphine alibaki darasani na watoto, kwa kuwa hakuwa na la kufanya huko. Benie alimletea mkate na sukari ya kopo dogo, kwa aibu. Alivipokea, maana wajukuu aliowalea nyumbani hawakula aibu.

Wiki moja kabla ya mtihani ikasikika kwamba Papa Hubert angepitia madarasa ya sita na wageni kutoka Kinshasa, watu wa mradi wa kuwatia moyo walimu vijana. Directeur Dominique aliingia darasani mapema, akiwa ameloa jasho.

"Batoto! Bageni bakiuliza mwalimu yenu ni nani, mutajibu nini?"

"Madame Delphine!" walijibu wote, kwa sauti iliyofika barabarani.

Directeur alifumba macho. Kisha akamgeukia Madame Delphine, na hakumwamuru, alimwomba.

"Bafundishe jibu ingine, Madame. Nakuomba. Bakijibu vile, miye niko Yahuma, Benie anapoteza kazi, na dossier yako inapotea. Nani atapata?"

Benie alitoka nje.

Madame Delphine alisimama mbele ya darasa. Alikuwa amechoka, uchovu ambao usingizi hauusaidii. Halafu akafanya kama alivyofanya sikuzote kwa jambo gumu: akalisema mwenyewe kwanza, wazi, wakasikia. Kisha darasa lote pamoja. Kisha safu ya dirishani, safu ya katikati, safu ya ukutani. Kisha mmoja mmoja. Chimène alijibu akitazama dari. Ikafika zamu ya Merdi.

"Sema, Merdi."

"Ni bongo, Madame, ni uwongo."

"Ninajua. Sema."

Akasema. Akarudia mpaka neno likatoka bila kukwama.

Wageni walipofika, Directeur Dominique alimketisha Madame Delphine dawati la mwisho, kati ya wasichana wakubwa, kitenge kimefunika nywele zake za mvi. Aliinama juu ya daftari la Chimène kama anayeandika. Benie alikuwa ubaoni, mkononi ana chaki nyeupe, mpya, iliyoletwa asubuhi hiyo. Papa Hubert aliingia na wageni, akauliza theluthi moja na robo moja zikijumlishwa ni ngapi. Mikono ilipanda darasa zima. Chimène alijibu. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, alishangaa kwa sauti, akauliza swali gumu zaidi, na Merdi akalijibu.

"Munaona?" alisema Papa Hubert kwa wageni, na uso wake ulikuwa na fahari ya kweli. Akawageukia watoto. "Nani amefundisha ninyi muzuri hivi?"

"Madame Benie!"

Walijibu kwa pamoja, sawasawa, hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Mpiga picha akapiga picha. Merdi, aliyekaa mbele, aligeuka nyuma kumtafuta mwalimu wake kwa macho, kujua kama amelisema vizuri, na Madame Delphine akamtikisia kichwa kwamba ndiyo, amelisema vizuri.