Ngano ya Kabedi na Maji ya Baraka

Clotilde alikuwa mtu wa kanisa haswa, na haraka zake mtaa wao mzima mjini Likasi ulizijua. Mama yake, Kabedi, alipokaribia kufa alimwachia chupa ya mdomo mpana iliyojaa mbegu za ngano, ile ngano yake fupi nyekundu aliyoilima kando ya mto Lufira kila majira ya baridi. Hakuna mwingine aliyebaki nayo. Chini ya chupa, ndani ya kitambaa, mama alikuwa ameweka bonge la chokaa ya kuchomwa kutoka machimbo ya Kakontwe. "Usiifungue ovyo mpaka baridi," alimwambia.

Basi, siku ya kubariki mbegu ikafika, mvua zikinyesha. Clotilde akaona haya kupeleka parokiani chupa kuukuu yenye chokaa. Akamimina ngano kwenye kikapu kizuri. Padri aliponyunyiza maji ya baraka, yeye akakisogeza mbele apate zaidi. Loo! Mbegu zikalowa chepechepe. Nyumbani akazitia hivyo hivyo kwenye bidoni, dumu la plastiki, akakaza kifuniko, akaitundika juu ya mbabula, jiko la makaa, pale watu wanapokaushia mahindi. Lakini mahindi hutundikwa wazi, yakipigwa na upepo na moshi. Ngano hii ilifungiwa na maji yake, ikapikwa taratibu msimu mzima.

Mei, baridi ilipoingia, akafungua. Uvundo ukampiga usoni. Alilaza punje kadhaa kwenye kitambaa kibichi, akangoja, akangoja tena. Zikaoza zote.

"Nimemuua mama mara ya pili!" akalia, ameketi sakafuni.

Mumewe Gaston alikuwa ametoka machimboni Kakontwe, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. "Mama Elikia," akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "ile chupa ulitupa?"

"Hapana. Iko chini ya kitanda. Iko na takataka tu."

Wakaitoa. Siku ile ya kubariki mbegu, kiganja kimoja cha ngano kilikuwa kimebaki, kimekwama kwenye kitambaa cha chokaa, naye Clotilde, kwa haraka zake, alikaza kifuniko bila kutazama. Chini ya kitanda hapakuwahi kufika joto. Bonge la chokaa lilikuwa limevimba na kuwa unga. Gaston akauma punje moja: ka! Ikakatika kavu.

"Chokaa imekunywa maji yote," akasema. "Miye kila siku navunja yale mawe, sikujua iko na akili kushinda weye."

Clotilde hakuwa na moyo wa kucheka. Akalaza punje chache kwenye kitambaa kibichi. Asubuhi moja akafunua, akapiga magoti. Kila punje ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, na kila mzizi ulikuwa ukielekea chini.

"Eh, Mungu wangu! Gaston, kuya uone! Iko nzima!"

Gaston akavua kofia yake ya kazi. "Uzima wote huu ulikuwa umelala mule ndani?" akanong'ona.

Wakaenda kupanda kiganja kile kando ya Lufira. Clotilde akatoa kichupa cha maji ya baraka, na Gaston akashtuka.

"Tena?"

"Tulia, Papa Elikia."

Safari hii alingoja mpaka punje ya mwisho ifunikwe. Ndipo akayamwaga yote juu ya udongo, pale mama yake alipokuwa akilima.