Madoa Meupe Kwenye Ini

Pale machinjioni walimwita Bwana Muhuri, kwa sababu hakuna nyama iliyopita mlangoni bila kugongwa muhuri wake wa zambarau. Alikuwa mkaguzi wa nyama, mtu wa maneno machache, na tangu afiwe na mkewe miaka minne nyuma maneno yenyewe yalizidi kupungua. Kutwa nzima aliinama juu ya meza ya bati, akipasua ini baada ya ini.

Miongoni mwa wafugaji waliomletea nguruwe kulikuwa na mwanamke mmoja aliyelea watoto wake peke yake, akijulikana kama Mama Pacha. Nguruwe wake walinona, lakini maini yao yalikuwa yale yale kila mara: yametapakaa madoa meupe, utadhani yamenyunyiziwa maziwa. Bwana Muhuri aliyatupa kwenye pipa, na Mama Pacha alisimama kando amekunja mikono kama mtu aliyebana jambo moyoni. Mara ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Mkaguzi, niambie kweli. Maini yangu ni mabovu, au yanaishia kwenye kikaango chako?"

Wachinjaji waliangua kicheko. Bwana Muhuri hakucheka, wala hakununa. Alimsogeza mezani, akapasua ini mbele yake na kumweleza taratibu kwamba yale madoa ni makovu. Nguruwe humeza mayai ya mchango, ile minyoo mirefu ya tumboni, yaliyomo kwenye udongo wenye mavi. Yakifika utumboni huanguliwa, na vijinyoo hupenya hadi kwenye ini, vikapanda mapafuni, vikakoholewa na kumezwa tena, ndipo vikakulia tumboni. Kila doa lilikuwa njia kilimopita kimojawapo.

Mama Pacha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ambayo wachinjaji hawakuisikia, "Na mtu je?"

Bwana Muhuri aliweka kisu chini. Akamuuliza ni nani anayekohoa nyumbani, naye akamtaja mmoja wa pacha wake.

Siku yake ya mapumziko alikwenda kuona mwenyewe. Banda lilikuwa nyuma ya jiko, na lundo la mavi ya nguruwe limeegemea tuta la mboga. Pacha wenyewe, wasichana wa miaka mitano, walikuwa wameketi chini. Mmoja alikuwa mnene, msemaji, wakimwita Bonge. Mwingine, Kijiti, alikuwa na mikono kama njiti za kiberiti na tumbo kama ngoma, amekumbatia kitoto cha nguruwe huku kifua kikimlia filimbi. Majirani walishasema kitambo kwamba Bonge alimnyang'anya mwenzake chakula tangu tumboni mwa mama yao. Ndiyo maana Mama Pacha alimpa Kijiti sehemu kubwa kila mlo, na yai likiwa moja, lilikuwa lake. Alimwacha pia ashinde bandani, maana ndipo mahali pekee alipocheka.

Bwana Muhuri hakumlaumu. Aliwasindikiza zahanati, mtoto akapimwa choo, na muuguzi akayaona mayai ya mchango. Akawapa vidonge wote watatu, mama mtu naye akiwamo.

Siku ya tatu Mama Pacha alifika machinjioni bila nguruwe. Alimngoja mkaguzi avue buti na kunawa, kisha wakaketi kwenye benchi la nje. Alimwambia Kijiti ametoa minyoo, mirefu kama penseli na mingine kuipita, na kwamba aliihesabu hadi akashindwa kuendelea.

"Miaka yote nampa yeye sehemu kubwa," alisema. "Kumbe nilikuwa nafuga minyoo. Na mwenzake nikimnyima."

Bwana Muhuri hakuwa fundi wa kufariji watu. Mkewe alipokuwa mgonjwa alikaa kando ya kitanda wiki nzima, asijue la kusema. Safari hii alilitafuta neno hadi akalipata.

"Ulikuwa unamlisha mtoto na minyoo pamoja. Minyoo ndiyo ilikuwa ya kwanza kula. Ungempunguzia, angepungukiwa mtoto. Ile sehemu kubwa ndiyo iliyomfikisha leo."

Mama Pacha alijifunika uso kwa kanga, akalia kimyakimya. Bwana Muhuri hakuondoka. Wachinjaji walipita mmoja mmoja na ndoo zao, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetia mzaha.

Baada ya hapo kazi ikaanza. Walilihamisha lundo mbali na mboga, wakamwaga saruji sakafuni mwa banda, na nguruwe jike akawa anapewa dawa na kuoshwa kwa sabuni kabla ya kuzaa. Kijiti alilia alipokatazwa kuingia bandani, hata Bwana Muhuri akaingilia kati: aruhusiwe, mradi anawe mikono kwa sabuni kila atokapo. Wakawa wananawa wote wawili kwenye beseni moja, mtu mzima na mtoto, kila mmoja akikagua kucha za mwenzake. Mayai ya mchango hukaa udongoni miaka, kwa hiyo madoa hayakutoweka mara moja. Yalipungua msimu kwa msimu. Kifua cha Kijiti kilitulia mapema zaidi.

Kazi ya banda ilikwisha zamani, lakini Bwana Muhuri aliendelea kuja kila siku ya mapumziko. Siku moja Mama Pacha alimuuliza bila kuzunguka, safari hii amekuja kukagua nini.

"Nimekuja kuuliza kama naweza kuwa nakuja kila siku."

Mama Pacha aliendelea kuchambua mboga. Kisha akamjibu kwamba posa hupelekwa kwa kaka yake mkubwa, na yeye hatamsemea mtu mzima mwenye mdomo wake. Jumapili ile Bwana Muhuri alipiga pasi shati, akaenda kwa kaka mtu, akazungumza karibu saa nzima hadi kaka akaridhia. Aliporudi alikuta pacha wamelala kwenye mkeka, na Mama Pacha amemwekea kiti mlangoni.