Jibu Alilolibeba Baba

Baba yangu hadanganyi kuhusu friji. Mtaa mzima unalijua hilo, na ndilo lililompa jina la Fundi Kweli, hata lile alilopewa na wazazi wake limesahaulika. Mteja akileta friji, Baba huigeuza mgongo, huichomeka kwenye umeme, kisha huegemeza sikio ubavuni mwake na kufumba macho. Akifumbua hutoa jibu moja kati ya mawili: "Huyu anapona," au "Huyu basi." Akisema basi, ni basi. Fundi mwingine angekula hela ya gesi, ya kompresa, na ya rangi juu, halafu friji ikate roho wiki inayofuata. Baba hachukui kitu. Husaidia kuipakia tena kwenye mkokoteni na kumpa mwenyewe pole kana kwamba kuna msiba.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatuliza wateja. Mtu akishaambiwa friji yake imekufa, hutoka karakana na kunijia pale mezani ninapoandika risiti, aninong'oneze: "Binti, hivi kweli haifai?" Nami namjibu, tangu sina meno ya mbele: "Baba akisema imekwisha, imekwisha." Nilikuwa nalisema kwa maringo, kama mtoto wa mfalme.

Nayaeleza haya mapema ili nisiulizwe kwa nini sikwenda kuhakikisha mwenyewe. Nimeshaulizwa vya kutosha. Eti ni mjinga gani anayeambiwa jambo zito vile na kulimeza zima zima? Ni mjinga mwenye baba kama wangu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kusomea udaktari Mnarani. Chuo chenyewe kina jina refu la heshima, ila kila mtu hukiita Mnarani kwa sababu ya mnara wa saa ulio getini. Ni safari ya kutwa kwa basi. Wanaokiomba ni kama siafu, wanaochukuliwa ni wachache mno. Na zipo kanuni mbili za kumnyima mtu usingizi. Kwanza, unaruhusiwa kuomba chuo kimoja tu. Ukikikosa, umebaki mikono mitupu. Pili, Mnarani hawamtaki aliyekaa nyumbani. Wanachukua waliomaliza shule mwaka huohuo, basi. Kwa hiyo kabla ya kuomba lazima ujue unasimama wapi. Ukijipima vibaya, umeliwa.

Ndiyo maana watu humwendea Mwalimu Miwani. Huyu mama alikaa miaka mingi kwenye jopo la Mnarani la kuchagua wanafunzi, na alipostaafu akakodi chumba juu ya duka la vifaa vya shule, awapime watoto wa watu kabla hawajajipeleka machinjioni. Ana miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na muda wote anatafuta ya tatu. Akisema unapita, unapita. Alikuwa kwa wanafunzi kama Baba alivyo kwa friji, na sisi wawili tulicheka sana juu ya hilo tulipokuwa tunapanda ngazi zake.

Aliangalia matokeo yangu haraka haraka, akayasukuma kando.

"Baba yako fundi friji," akasema. "Haya niambie, friji inatengenezaje baridi?"

"Haitengenezi baridi, mwalimu. Inatoa joto ndani na kulimwaga nje."

"Basi siku ya joto nikifunga madirisha nikaacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa."

"Kitazidi joto."

"Unabishana na mimi?"

"Nabishana na hilo ulilosema, mwalimu. Joto litatolewa mbele na kumwagwa nyuma, chumba kilekile. Na mota nayo ina joto lake."

Alivua miwani ya puani akavaa ya kichwani. Akaniuliza mgonjwa mwenye homa naye hutoa wapi joto lake, nami nikajibu nilichojua, na nilipofika mwisho wa ninachojua nikamwambia hapa ndipo nilipofika. Akatabasamu. Kisha akanitoa nje nikae kwenye benchi, akamwita Baba peke yake.

Huo ndio utaratibu wake. Jibu halimpi mtoto, humpa mzazi alibebe hadi nyumbani. Husema mtoto akilisikia kutoka kwake ni hukumu, akilisikia kwa mzazi ni habari. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu wakati ule, na bado sijui kama ni busara au ni upuuzi.

Baba alitoka na kofia mkononi. Hakuniambia kitu mpaka tulipofika barabarani, penye kivuli cha duka la viatu. Akanishika bega. Akafumba macho, vilevile anavyofumba kwa friji, akafumbua.

"Amesema hapana, mwanangu. Uko vizuri, lakini Mnarani wanataka zaidi. Amesema tusiupoteze mwaka."

Nililia palepale mbele ya viatu vya watu. Na Baba naye akalia. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia tangu tulipomzika Mama nikiwa mdogo, alisimama akifuta macho kwa kofia. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia, "Usijali Baba, kusoma ni popote." Nilimnunulia soda! Kila nikiikumbuka soda ile natamani kuvunja chupa.

Nikaomba chuo cha ualimu cha hapahapa mjini, ambacho unaweza kwenda kwa miguu na kurudi kula chakula cha mchana. Nikapata, kama anavyopata kila aliyeomba. Baba akafurahi kupita kiasi. Akapaka rangi chumba changu, akaniwekea rafu za vitabu. Jambo moja tu liliniumiza: aliacha kuniita Daktari. Alikuwa ananiita hivyo tangu siku aliponikuta nimeiwekea friji mbovu bisibisi ubavuni na kuiambia ivute pumzi. Nikadhani ni huruma, hataki kunitonesha.

Hapo ni lazima nimtaje kaka yangu. Kaka alikwenda Mnarani kusomea uhandisi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye kila sikukuu, baadaye akawa ni wa kupigiwa. Sasa ana kazi hukohuko, ana mke tuliyemwona kwenye picha, na kila akipigiwa husema atakuja mwezi ujao. Baba hajawahi kumsema vibaya. Ila kitanda chake bado kimetandikwa, na shuka hubadilishwa.

Majina ya waliochaguliwa Mnarani yalikuwa yameshatangazwa, na masomo yameanza, siku gari dogo la mizigo liliposimama mbele ya karakana likiwa na friji nyeupe ndefu. Mwalimu Miwani akashuka upande wa abiria. Baba alikuwa amekwenda kununua gesi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akaniangalia kwa miwani ya kwanza, kisha ya pili. "Ala! Si wewe uliyebishana na mimi juu ya mlango wa friji?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini hapa? Mnarani hamjafungua?"

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kuficha aibu. "Mimi si wa Mnarani, mwalimu. Si ulisema sipiti."

 Nyuma yake vijana waliokuja na gari walikuwa wanaishusha friji na kugombana nani ashike wapi.

"Nani kakwambia nilisema hivyo?"

"Baba."

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi huwa naweka 'lakini' kwa kila mzazi. Mtoto ni mzuri lakini hisabati. Mtoto ni mzuri lakini mwoga. Mwaka huu mzazi mmoja tu nilimwambia bila 'lakini' yoyote. Nilimwambia huyu mpeleke, watampokea, na wakimkataa njoo unitukane. Alinishukuru hadi nikaona haya."

 Nikamwuliza, ingawa nilijua jibu, kama ninaweza kuomba mwakani.

"Hawachukui," akasema. "Unajua hawachukui." Akavua miwani zote mbili, akawa kama mtu mwingine, mzee. "Nilikosea kumpa yeye. Nilikosea sana."

Akaondoka, akaacha friji yake. Niliigeuza mgongo nikaichomeka kwenye umeme kwa sababu mikono ilitaka kazi.  Mgeni akikudanganya unamtukana, yanakwisha. Baba alinipikia uji nikiumwa, alinisuka nywele kwa vidole vya grisi baada ya Mama kufariki, huku akinifundisha kwamba ukimdanganya mtu kuhusu chake umemwibia. Alinizunguka kwa kutumia imani yangu mwenyewe. Angekuwa mwongo wa kawaida, ningekwenda kuuliza.

Baba aliingia na mtungi wa gesi begani, akiimba. Akaiona friji.

"Ya nani hii?"

"Ya Mwalimu Miwani."

Akautua mtungi polepole. 

"Msikilize basi," nikamwambia. "Useme kama anapona."

"Mwanangu."

"Msikilize!"

Akaegemeza sikio. Lakini hakufumba macho, alinitazama mimi. "Anapona," akasema kwa sauti ndogo.

"Una hakika? Au kwa mwenyewe tutasema basi, ili abaki hapa hapa tumtazame?"

Akakaa juu ya mtungi. Alionekana amechoka, na roho ikaniuma, na nikachukia kwamba inaniuma.

"Niliogopa," akasema. "Mwalimu alipokuwa ananisifia mwanangu, mimi nilikuwa naona kitanda cha pili kilichotandikwa. Nilitoka mle ndani nimeshika jibu la kweli, nakuapia. Nilipokuona pale kwenye benchi, likageuka mdomoni."

"Ungeniambia unaogopa."

"Ungebaki?"

"Ningekwenda. Ningekupigia simu kila siku, lakini ningekwenda."

"Umeona?"

"Sijaona chochote! Mimi si Kaka! Umemhukumu Kaka, ukanifunga mimi!"

Akafunika uso kwa viganja. Akasema nimsamehe. Akasema atakwenda Mnarani mwenyewe, atapiga magoti getini. Nikamwambia asijisumbue, mlango umefungwa na aliyeufunga ni yeye. Nikataka kuongeza jambo moja baya kuliko yote, kuhusu Mama, nikajiuma ulimi.

Wakati huo huo mlangoni akasimama mama muuza juisi. Friji yake ilikuwa imelala kwetu tangu jana, na alikuja na mkokoteni, akitumaini kuichukua nzima.

"Fundi Kweli! Vipi mgonjwa wangu?"

Baba akainuka haraka, akapangusa uso kwa kitambaa cha kazi na kuuacha na mstari wa grisi. Akamwendea.

"Pole, mama. Huyu basi."

 Biashara yote ya mama wa watu ilikuwa ndani ya ile friji. Akasogea mezani kwangu, kama wanavyosogea wote, akainama.

"Binti, hivi kweli haifai?"

Nyuma yake Baba alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, akisubiri. Alikuwa anasubiri yale maneno yangu ya siku zote. Niliona kabisa kwamba akiyasikia ataamini bado kuna kitu kimebaki kati yetu. Yalikuja hadi kooni.

"Mimi sijui, mama," nikasema. "Katafute fundi mwingine akuangalizie."

Yule mama akacheka, akidhani natania. Akanitazama mimi, akamtazama Baba, akaacha kucheka. Kisha akatoka kumwita mwenye mkokoteni, akimwambia waipeleke kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Friji ile ilikuwa imekufa kweli. Nilikuwa nimeisikiliza mwenyewe asubuhi. Baba alijua kwamba najua. Aliinama, akashika upande wake, akasaidia kuipakia.